Mali bila daftari

Maneno haya niliyasema Jumamosi, hapa Kirumba, Mwanza, mbele ya walimu wa sanaa, waongoza watalii, wanafunzi na wazee walioitika mwaliko. Nayaweka yote kwa ajili ya waliokosa. Picha nilizorusha ukutani nimeziacha, maana projekta yenyewe ilizimika mara mbili.

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama, masista mliokaa mbele, walimu wenzangu, vijana mliosimama kule nyuma kama mnasubiri daladala, hamjambo? Mwangaluka! Ahsanteni. Nilitaka kujua kama Wasukuma wamo.

Walionialika waliniomba nizungumzie matajiri wa kigeni na nyumba zao zilizojaa sanaa. Nikawaambia mimi si mtaalamu wa sanaa, mimi ni hausiboi mstaafu. Wakacheka wakidhani natania. Sitanii. Kabla sijawa mwalimu, kabla sijawahi kumwongoza mtalii hata mmoja kwenda kulipiga picha Jiwe la Bismarck, nilifagia sakafu ya tajiri wa kigeni kwa miaka saba. Yote ninayoyajua kuhusu sanaa nilianza kuyajua nikiwa na tambara la deki mkononi.

Nyumba ilikuwa Capri Point. Mnapajua. Miamba imelala kama viboko, nyumba zimepandishwa juu ya mawe, ziwa liko chini ya miguu. Mwenye nyumba alitoka Ulaya. Jina lake silitaji na nchi yake siitaji, ndugu zake bado wapo. Mtaani tulimwita Mzee. Hakuwa na mke wala mtoto, fedha alikuwa nazo, na alizitoa. Watoto wangapi aliwalipia ada sikuwahi kuhesabu. Kuna zahanati moja ambayo vitanda vyake vya kujifungulia ni fedha yake, na hakutaka bango. Msije mkadhani alikuwa malaika. Mshahara wangu alikuwa akiuchelewesha kama tajiri mwingine yeyote.

Sasa ingieni nami ndani. Vueni viatu.

Sebuleni kulikuwa na mlango wa Zanzibar, ule wenye misumari minene ya shaba. Lakini haukusimama ukutani. Ulilazwa juu ya miguu minne ukawa meza ya kulia. Sahani haikai! Inaegemea msumari, supu inamwagika upande. Ikabidi fundi aitwe aweke kioo juu. Juu ya meza hiyo, darini, kulining'inia mtumbwi mzima kutoka Ukerewe, wa mbao, na viraka vyake vya bati. Chini ya mtumbwi, zulia la Uajemi. Kando ya zulia, kinyago cha Kimakonde, watu wamepandana mabegani hadi urefu wa kifua changu. Kando ya kinyago, Bikira Maria wa plasta aliyevunjika pua. Halafu msalaba wa Ethiopia, sahani za Kichina za rangi ya bluu, chui wa Tingatinga mwenye macho kama ya polisi wa barabarani, na picha moja ya rangi ya mafuta kutoka kwao Ulaya, yote mvua tupu. Na ukuta mzima, kuanzia mlango wa jikoni hadi dirishani, koroboi. Koroboi 31, zimepangwa kwenye rafu kama vikombe vya dhahabu. Alizinunua moja moja pale Makoroboi, kwa mafundi waliokuwa wakiziunda kwa makopo ya maziwa na ya mafuta ya kupikia.

Wageni wake wakubwa wakubwa, wale wa magari meupe, walikuwa wakinong'ona: hii ni stoo ya mnada. Nami nilikubaliana nao kimoyomoyo. Wakati ule nyumba ya tajiri kwangu ilikuwa makochi na televisheni. Mtu mwenye fedha zake anawezaje kutundika koroboi, na sisi kwetu tunazikimbia?

Lakini kila Jumapili baada ya misa ya mwisho, Mzee alifungua geti. Yeyote aingie. Wavuvi waliingia, wauza dagaa waliingia, watoto waliingia na miguu ya vumbi niliyoifagia Jumatatu yote. Na kila mmoja, ndugu zangu, kila mmoja alisimama mbele ya kitu kimoja akakataa kuondoka. Mvuvi alisimama chini ya mtumbwi akaanza kueleza kiraka kile kiliwekwa na mtu wa kisiwa gani, kwa namna misumari ilivyopigwa. Bibi mmoja alisimama mbele ya koroboi akasema, hii ya kopo jekundu inatoa moshi, usimpe mwanafunzi asomee.

Mzee alikuwa na kaunta buku. Lile jeusi lenye mgongo mwekundu, mnalijua, kwaya tatu. Maneno ya bibi aliyaandika. Ya mvuvi aliyaandika. Kwa Kiswahili, tena kibovu. Nitawasomea moja, maana ninalo hapa:

"Namba 12. Koroboi. Makoroboi, kwa fundi mwenye vidole tisa. Kopo la maziwa. Ameniuzia bei ya mzungu. Nimejua. Nimelipa."

(Hapo watu walicheka, nami niliwaacha wacheke.)

Sasa nije kwenye kosa langu. Namba 47 ilikuwa kigoda, cha miguu mitatu, kipande kimoja cha mti. Cheusi tii, kinanata kidogo ukikishika, kinanuka moshi na samli. Mzee akasafiri kwenda Bukoba wiki moja. Mimi kijana, nataka kumfurahisha bosi, nataka arudi aone nyumba inang'aa. Nikakitazama kigoda kile nikaona uchafu. Nikachukua maji ya moto, sabuni ya unga na brashi ya kusugulia masufuria. Kikagoma. Nikachukua msasa. Kikaanza kufunguka, rangi ya mti ikatokea chini, nyeupe, nzuri. Nikakianika juani kwenye mwamba. Jioni nikakipaka vanishi mikono miwili.

Mama mpishi alipoingia na sinia la vyombo, alilitua chini taratibu, akaweka kiganja mdomoni. Akaniambia, "Mwanangu, umemwondoa bibi wa watu kwenye kiti chake. Miaka yote aliyokikalia, wewe umeiosha kwa asubuhi moja."

Mzee aliporudi hakufoka. Ningependa angefoka. Alikwenda mezani, akafungua kaunta buku, akaandika kitu. Alichokiandika nilikisoma miaka mingi baadaye, nanyi mtakisikia kabla hatujaondoka.

Alifia huku huku. Ndugu zake wakaja watatu, watu wapole, siwezi kuwasema vibaya. Walikaa siku nne. Wakaita dalali. Vilivyouzika viliuzwa, vilivyopendeza vilipakiwa kwenye kontena, mtumbwi ulikatwa katikati kwa sababu haukupita mlangoni. Mimi ndiye niliyeshika upande wa mbele msumeno ulipokuwa unapita. Na kaunta buku? Lilikuwa juu ya jokofu. Mmoja wao alilifunua, akaona Kiswahili, akanipa, akidhani ni langu la hesabu za sokoni. Kigoda nacho waliniachia. Kilionekana kipya, kama vile vya kuuzia watalii barabarani.

Kwa hiyo mimi leo nina maneno ya vitu 214, bila vitu vyenyewe. Na mahali fulani, huko kontena lilikoshushwa, kuna mtu ana vitu bila maneno. Nani kati yetu ni maskini zaidi?

Wenye maduka hapa mtaani wameandika ukutani tangu zamani za babu zao: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunadhani ni methali ya sukari na mafuta ya taa.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma habari za watu wa aina ya Mzee. Wageni, matajiri, walioondoka kwao wakajaza nyumba za ugenini. Niwape wawili watatu, na kila mmoja nataka mumpime kwa mizani hiyo hiyo: aliandika nini, na ufunguo alimwachia nani?

Wa kwanza ni mwanamke. Peggy Guggenheim, Mmarekani, mzaliwa wa New York, 1898. Utajiri wa ukoo wake ulitoka migodini. Alipokuwa na miaka 13 baba yake alizama na meli ya Titanic. Hapo sihitaji kuwaeleza watu wa Mwanza. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, sote tulikuwa ufukweni, na njia ya makaburi ya Igoma sote tunaijua. Mtoto ambaye baba yake amechukuliwa na maji anakuwa mtu wa namna gani? Huyu alikwenda kuishi katikati ya maji. Mwaka 1949 alihamia kwenye kasri moja huko Venice, Italia, jiji ambalo barabara zake ni mifereji na teksi zake ni mashua.

Tena kasri lenyewe lilikuwa halijaisha. Lilianza kujengwa katikati ya karne ya 18 na likakomea sakafu ya chini. Mnaona? Hata Italia kuna nyumba zilizoishia kwenye lenta. Akaijaza nyumba hiyo Picasso, Max Ernst, Jackson Pollock. Kichwa cha kitanda chake kilitengenezwa kwa fedha na Alexander Calder, samaki na maua, kitu cha kulalia! Mbele, kwenye ngazi zinazotazama mfereji, akasimamisha sanamu ya Marino Marini ya mtu aliyepanda farasi, amenyoosha mikono, hana nguo. Kiungo kimoja cha mpanda farasi huyo kilifungwa kwa skrubu. Yeye mwenyewe alisimulia kwamba siku za sikukuu, masista walipokuwa wakipita kwa mashua kwenda kubarikiwa na Patriarki, alikuwa akikifungua na kukiweka kando. Ni kiungo gani, masista wapo mbele yangu, siendelei.

Kwa nini ninampenda mwanamke huyu? Kwanza, kuanzia 1951 alikuwa akifungua nyumba yake siku kadhaa za wiki wakati wa kiangazi, watu wapite hadi chumbani kwake. Jumapili ya Capri Point, nikisoma hayo, niliikumbuka. Pili, alimlipa msanii akiwa hai. Mwaka 1943 Jackson Pollock alikuwa fundi seremala katika jumba la sanaa la baba mkubwa wa Peggy. Peggy akampa mkataba, dola 150 kila mwezi, aache randa achore. Na leo picha za Pollock zinauzwa kwa fedha ambazo mimi na ninyi tukichanga hadi wajukuu wetu wazeeke hatuzifikii.

Lakini subirini. Ndani ya nyumba ile ile kulikuwa na vinyago vya Afrika. Aliviongeza hasa baada ya 1959, alipokwenda New York akakuta bei za wachoraji wenzake zimepanda, akanunua vya kwetu na vya visiwa vya Pasifiki badala yake. Mwaka 2020 makumbusho yale yaliviandalia maonyesho yao peke yao, wataalamu wakakaa chini kusahihisha yaliyokuwa yameandikwa vibaya: hiki ni cha wapi, kilifanya kazi gani. Sasa jiulizeni. Seremala wa New York tunamjua jina, tunajua na mshahara wake hadi dola ya mwisho. Mchongaji aliyekaa chini ya mti wake akachonga kinyago kile, jina lake liko wapi? Nani alimuuliza? Hakuna aliyebeba kaunta buku. Kati ya mchongaji na Peggy walipita madalali watatu, wanne, na kila dalali alibeba kinyago akaangusha neno moja njiani.

Alikufa Desemba 1979. Majivu yake yamezikwa bustanini, kando ya mbwa wake 14. Kasri na vitu vyote aliviacha kwa taasisi ya ukoo wake, na kwa masharti kwamba vikae pale pale Venice. Ufunguo aliupanga mapema. Hapo alimshinda Mzee wangu.

Wa pili ni Alfred Chester Beatty. Na huyu naomba mnisikilize vizuri, hasa ninyi mliotoka Geita.

Alikuwa Mmarekani pia, mhandisi wa migodi, na ujanani aliajiriwa na ukoo ule ule wa Guggenheim. Vumbi la migodini lilimwingia mapafuni. Akahamia London, akaanzisha kampuni yake, na kampuni hiyo ikapata shaba kule inakoitwa leo Zambia, Luanshya, mgodi wa Roan Antelope. Shaba ile ilimfanya tajiri mkubwa. Na utajiri ule aliugeuza karatasi. Alinunua vitabu. Kurani aliyoinakili kwa mkono Ibn al-Bawwab huko Baghdad karibu mwaka 1000. Mafunjo ya Misri yenye nyaraka za Mtume Paulo, yaliyoandikwa karibu mwaka 200, kati ya nakala kongwe kabisa tulizonazo duniani. Picha za Kihindi, za Kiajemi, vitabu vya Kijapani vinavyokunjuliwa kama mkeka. Mwaka 1950 akahamia Dublin, Ireland, akajenga maktaba, akawaachia Waireland vyote. Wakamfanya raia wa heshima, wa kwanza katika nchi yao. Alipokufa 1968 wakamzika kwa mazishi ya kitaifa. Na mpaka leo ukienda, huulizwi kiingilio.

Mhisani? Mhisani kwelikweli. Nimesimama hapa kusema hivyo na sirudi nyuma.

Lakini mwaka 1935 wachimbaji wa Luanshya walisimama kugomea kodi iliyopandishwa. Askari wakafyatua risasi. Watu 6 wakafa, pale pale Roan Antelope. Kila kitabu katika maktaba ile kina kadi, kina tarehe, kina jina la mwandishi na la aliyekipamba, yakijulikana. Daftari safi kuliko yote. Nani aliandika shaba ilitoka mikononi mwa nani?

Sisemi tukatae msaada wa tajiri. Kuna mama amejifungulia kwenye kitanda alichonunua Mzee. Mwambie yeye akikatae. Ninachosema ni kwamba mwenyeji ana haki ya kuuliza swali mezani, hata kama meza ni mlango wa Zanzibar na supu imeshamiminwa. Fedha hii, mzee wangu, imetoka wapi? Ukimuuliza kwa adabu, mwenye moyo hatachukia.

Yuko mwingine sitamkalia sana, Henry Wellcome. Mmarekani wa Wisconsin, mfanyabiashara wa dawa, akahamia London. Alikusanya kila kitu chenye harufu ya tiba na maisha ya binadamu, akatuma mawakala duniani kote, hadi vitu vikapita milioni. Vilikaa kwenye maghala, ndani ya makasha, mengine hayajafunguliwa. Akafa 1936 na jumba alilokuwa akiliota halijakamilika. Vikagawanywa huku na huko kwa miaka na miaka. Fedha yake ndiyo iliyobaki na kazi kubwa, inagharamia utafiti wa afya hadi leo, na hapo namvulia kofia. Lakini kukusanya vile si kukusanya. Ni kama yule jirani yako anayeokota makopo.

Sasa turudi nyumbani.

Huku kwetu Kanda ya Ziwa aliwahi kufanya kazi mtu aliyeitwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna. Hakuwa tajiri wa shaba wala wa madini yoyote. Alikuwa mtaalamu wa serikali ya kikoloni wa mila na desturi, na sheria za kimila za Wahaya na za Wasukuma alizikalia akaziandika. Mtumishi wa wakoloni, ndiyo, na kila alichokiandika kisomeni mkilijua hilo. Aliingia kwenye nyumba za chama cha Bayeye, wacheza nyoka, akanakili michoro waliyoichora ukutani. Na alikusanya sanamu ndogo ndogo za udongo zilizotumika kuwafunda vijana unyagoni, hasa kwa makabila ya kaskazini mashariki.

Mmewahi kuziona? Ukiona picha yake moja unasema mtoto amefinyanga. Mwanamke, chatu, nyumba, kitu kama kijiko. Udongo, basi. Lakini Cory alifanya jambo moja. Kila sanamu aliiandikia wimbo wake. Maana mwalimu wa unyago alikuwa haonyeshi sanamu kimya kimya. Anaitoa, anaimba, mwali anaambiwa maana. Kumbe udongo ule ni kama kitabu kilichofungwa, na wimbo ndio unaokifungua. Mwaka 1956 akavichapisha pamoja, udongo na wimbo wake. Karatasi zake ziko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na msomi yeyote kijana wa hapa anaweza kupanda basi akazisome. Nani amekwenda? Nyoosha mkono. Mmoja. Ahsante, binti. Mmoja kati yetu sote.

Na jirani zetu wa Bujora, hapo Kisesa, nusu saa kwa daladala kama hakuna foleni. Padri David Clement, Mkanada, wa Wamisionari wa Afrika. Watu walimpa jina la Fumbuka, na Msukuma hakupi jina kama hajakukubali. Huyu hakuwa na hela. Nimemleta kwenye hotuba ya matajiri kwa makusudi. Utawala wa watemi ulipofutwa 1963, ngoma za kitemi, viti, mikuki, mavazi ya heshima, vyote vilibaki majumbani bila kazi. Mnajua kitu kisicho na kazi kinakuwaje katika nyumba ya mtu mwenye njaa. Makumbusho ya Bujora yakafunguliwa 1968, na vitu vile vikaanza kupata mahali pa kukaa. Jengo la vitu vya watemi likajengwa kwa umbo la kiti cha mtemi.

Tofauti ni hii. Mzee wangu alikwenda kijijini, akanunua kigoda, akakipandisha Capri Point. Pale Bujora wenye vitu wenyewe walikuwa ndani ya shughuli. Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, walikuwa wakicheza uwanjani, kama wanavyocheza hadi leo kwenye sikukuu ya Bulabo kila Juni, huku ngoma za wazee wao zimo ndani. Mtoto akiuliza ile ni ya nani, anajibiwa na mzee aliyesimama pale pale, bado anahema, jasho la ngoma ya bugobogobo halijakauka. Daftari linalotembea kwa miguu.

Sasa msiniambie, basi tumeokoka, tuna Bujora. Wazee wale wanahema zaidi kila mwaka. Nilikwenda Juni iliyopita, nikamuuliza kijana mmoja mchezaji jina la pambo alilovaa kichwani. Akaniambia, "Hii? Hii ni ya kuvalia, mwalimu." Nikacheka naye, halafu njiani nikashindwa kucheka.

Walimu wenzangu, ombi langu kwenu ni dogo. Kaunta buku bei yake mnaijua. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya likizo: kila mmoja aandike vitu vitano vya nyumbani kwa bibi yake. Si vya thamani. Kinu, kibuyu, mkeka, kitasa cha mlango. Nani alikitengeneza, kwa mti gani, kimevunjika lini, kilishonwa na nani. Waongoza watalii, mgeni akikuuliza kinyago hiki ni nini, usimtungie hadithi ya simba na mwezi. Najua mnatunga, nami nilitunga. Mwambie, "Ngoja nimuulize aliyekichonga," halafu uende kweli. Na ninyi mnaofanya kazi kwenye majumba ya Capri Point leo, madada na makaka, mkiona kitu cheusi kinanata, tafadhali. Tafadhali.

Nimeahidi kuwasomea. Haya.

"Namba 47. Kigoda. Kwimba, njia ya Sumve. Mama aliyeniuzia amesema ni cha bibi yake. Bibi alikaa hapo kusukasuka maziwa kwenye kibuyu. Samli ikimgusa, anafuta mkono upande wa kulia, kwenye ukingo. Ndiyo maana upande huo umezidi weusi. Nimeuliza jina la bibi. Mama amesema njoo kesho, mjomba anajua. Kesho sikurudi."

Na chini yake, kwa kalamu nyingine, mwandiko umekazwa:

"Kijana amekiosha. Alama imekwenda. Kosa ni langu, daftari sikumsomea."

Kigoda chenyewe ndicho hiki, kwenye kanga hii. Vanishi yangu imebanduka, mnaona, imekuwa kama ngozi ya samaki. Miaka yote hii nimekigeuza na kukigeuza, na mwaka juzi ndipo nilipogundua. Chini ya ukingo, upande wa kulia, kuna mahali msasa wangu haukufika. Pana upana wa kidole gumba. Ni peusi, na siku ya joto pananata.

Nakiteremsha kwenu. Watu wa Kwimba wapo? Mama, wewe wa kilemba cha kijani, umetoka njia ya Sumve? Basi anza wewe. Kikalie kabisa, mama, ni kigoda. Halafu shusha mkono wa kulia, upapase kwa chini. Bado kidogo. Hapo.